Barua ya wazi kwa wamiliki wa tovuti tuliyoijenga: kama hamuitaki, tuuzieni

KWA: Wamiliki na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi

YAH: KUFUTWA KWA MAKALA, MATUMIZI YA MAJINA YETU NA OMBI LA KUUZIWA TOVUTI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tumewaandikia faraghani mara kadhaa. Barua ya kwanza ilipokelewa na idara ya rasilimali watu, ikatupeleka kwa wanasheria wenu. Wanasheria wakatuambia suala ni la uongozi. Uongozi ukanyamaza. Tumepigwa danadana kiasi cha kutosha, na ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Nia yetu si kuwaaibisha. Tovuti ile ya habari za gemu, yaani michezo ya video, ilikuwa na wasomaji walioifuata kwa miaka, na waunda gemu waliotufungulia milango ya studio zao kwa sababu walituamini. Watu hao nao wana haki ya kujua kinachoendelea.

Sisi ni waandishi, wahariri na watengenezaji wa video mliowapunguza kazi baada ya kuinunua tovuti. Hatuombi kurudishwa. Kazi tunayo, na tunaimiliki wenyewe: tumeanzisha tovuti ndogo ya habari za gemu ambayo kila mfanyakazi ana hisa moja na kura moja, na wasomaji wanatulipa kwa mwezi. Malalamiko yetu yanahusu kile tulichokiacha mikononi mwenu.

1. Makala yanafutwa, na hakuna aliyeambiwa

Hili ndilo linalotuuma kuliko mengine, kwa hiyo mtuvumilie tukikaa nalo. Tangu muichukue tovuti, kazi ya miaka mingi imeondolewa. Waandishi hawakupewa nafasi ya kunakili kazi zao, wasomaji hawakupewa taarifa. Mtu anatafuta makala, anakiona kichwa chake kwenye matokeo, anabofya, anajikuta ameangukia ukurasa wa mbele.

Mwenzetu mmoja alikuwa na orodha ya gemu kwa ajili ya wachezaji wasiosikia na wenye uoni hafifu. Alipima ukubwa wa manukuu kwenye skrini, akaandika ni gemu ipi inaonyesha kwa alama sauti za nyayo zinazokuja kutoka nyuma, ipi inaruhusu kubadili rangi, ipi inakuachia upange vitufe upya. Kila gemu ilipopata sasisho, alirudi kuipima tena, maana studio huongeza mambo hayo na mara nyingine huyavuruga. Orodha hiyo haipo tena. Bado anaandikiwa na watu wanaoiulizia, na hana cha kuwapa, kwa sababu nakala yake ilikuwa kwenye mfumo wenu, ambao alifungiwa asubuhi ile ile aliyoambiwa kazi imekwisha.

Yamepotea pia mahojiano na mtunzi wa muziki wa gemu za kale. Alitueleza hatua kwa hatua alivyoubana wimbo mzima katika kilobaiti chache, na alivyoigeuza chaneli ya makelele (njia ya sauti ya mashine inayotoa mvumo tu) kuwa ngoma kwa sababu chaneli nyingine zilihitajika kwa milio ya risasi na kuruka. Mzee yule amekwishafariki. Hatujaona mahali pengine alipoyasimulia hayo.

Mnamo Julai 2023, Video Game History Foundation, taasisi inayohifadhi historia ya gemu, ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Maana yake ni kwamba kwa gemu nyingi, mtu wa kawaida amebakiwa na yale yaliyoandikwa na watu waliozicheza zilipotoka. Mkifuta tahakiki ya gemu ambayo yenyewe haiuzwi tena, mnafuta ushahidi kwamba iliwahi kuchezwa, kupendwa na kugombewa.

Mnalijua lililoipata Game Informer. Jarida hilo la gemu lililoanza mwaka 1991 lilifungwa na mmiliki wake, kampuni ya maduka ya gemu ya GameStop, tarehe 2 Agosti 2024, na kila aliyefungua tovuti yake akakutana na ujumbe mmoja wa kwaheri. Kazi ya miaka 33 ilifungiwa kwa siku moja. Machi 2025 jarida likafufuliwa chini ya watengenezaji gemu Gunzilla Games, timu ikarejea, na makala ya zamani nayo yakarejea. Kumbe faili zilikuwepo muda wote, kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuamua. Hata zenu tunaamini mnazo, na tunaandika mapema kabla seva hazijazimwa na kuuzwa.

2. Majina yetu yako chini ya maneno ambayo si yetu

Kwenye baadhi ya makala mmetoa jina la mwandishi na kuweka "Timu ya Wahariri". Kwenye mengine jina mmeliacha, mkabadilisha maandishi. Mimi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu sijui lipi ni baya zaidi, ila la pili ndilo linaloweza kumuumiza msomaji.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Niliwahi kuhakiki gemu inayopendwa na watoto, na nikaweka aya mbili za kuwaonya wazazi kuhusu masanduku ya bahati nasibu ndani yake: mtoto analipa bila kujua atapata nini, na gemu imesukwa ili alipe tena. Aya hizo zimeondolewa. Jina langu lipo, alama niliyotoa ipo, na pale palipokuwa na onyo pamewekwa kitufe cha kununua. Mzazi anayesoma leo anadhani mimi ndiye niliyemshauri afungue pochi. Nimewaandikia kuhusu ukurasa huo mmoja tu, nikiomba mrudishe aya au mtoe jina langu. Hamkufanya lolote kati ya hayo mawili.

Wanaoijua historia ya fani hii wanajua kwa nini jambo hili linatutia hofu. Novemba 2007 tovuti ya gemu ya GameSpot ilimfukuza mhariri wake Jeff Gerstmann baada ya tahakiki yake kali ya Kane & Lynch: Dead Men, gemu iliyokuwa imetangazwa kwa nguvu kwenye tovuti hiyo hiyo. Aliporuhusiwa kusimulia hadharani, mwaka 2012, alithibitisha kuwa shinikizo la watangazaji lilikuwa sehemu ya kisa. Wenzake kadhaa waliacha kazi, na mwaka 2008 ikazaliwa tovuti yao ya Giant Bomb. Agosti 2025 makala yaliyohusu kampeni ya kundi la wanaharakati la Collective Shout dhidi ya gemu za duka la mtandaoni la Steam yaliondolewa kwenye tovuti ya gemu ya Waypoint kwa amri ya wamiliki wake, na waandishi wakajiuzulu. Kati ya visa hivyo viwili kuna miaka 18, na tabia haijabadilika: mwenye tovuti anaona maneno ya mwandishi ni kitu cha kusogezwa ili biashara ipite.

Kuna pia makala mapya yanayotoka kila siku bila mtu yeyote kuonekana nyuma yake. Kama yanaandikwa na akili mnemba, semeni. Tovuti ya teknolojia ya CNET ilijaribu kwa siri, na ilipokaguliwa mwanzoni mwa 2023 ikalazimika kusahihisha makala 41 kati ya 77. Hayo yalikuwa makala ya fedha, eneo ambalo kosa linaonekana kwa hesabu. Kwenye gemu, mashine itamwelekeza mchezaji kwenye mlango usiokuwepo, na tutakaolaumiwa ni sisi ambao majina yetu bado yako kwenye tovuti hiyo.

3. Viungo vya kamari

Hapa sina maneno mengi. Ndani ya makala ya zamani, kwenye sentensi tulizoziandika sisi, mmepachika viungo vya tovuti za kamari. Wasomaji wetu wengi walikuwa vijana wadogo. Viondoeni leo.

4. Mmekataa hata kuzungumza bei

Tuliwapa ofa ya maandishi ya kununua jina la tovuti, anwani yake ya mtandaoni na hifadhi yote ya makala na video. Hatukuomba bure. Tulieleza fedha zitatoka wapi, tukaomba kikao. Jibu pekee tulilolipata ni kwamba mali hiyo "haiko sokoni". Waheshimiwa, tovuti hiyo haina mhariri. Haina mwandishi wa kudumu hata mmoja. Podikasti zake zimekufa. Kama haiuzwi na haiendeshwi, inafanywa nini?

Ombi letu si la ajabu, wengine wamelitekeleza. Giant Bomb niliyoitaja hapo juu ilipita mikono ya kampuni nyingi: CBS Interactive, kisha Red Ventures, kisha Fandom iliyoichukua mwaka 2022. Mwanzoni mwa Mei 2025 mgogoro kati ya Fandom na timu ulifika pabaya hadi vipindi vikasimama, na wengi wetu tulishaanza kuwaaga. Ndani ya siku chache ikatangazwa kwamba wafanyakazi wawili, Jeff Bakalar na Jeff Grubb, wameinunua. Jina, video za tangu 2008, wanachama, vyote vikaenda kwa watu wanaovijua. Fandom haikufilisika kwa kufanya hivyo. Iliuza kitu ilichokuwa imeshindwa kukiendesha, ikapata chake, ikaondoka kwa heshima.

Linganisheni na kisa cha tovuti ya gemu ya The Escapist. Novemba 2023 mhariri mkuu wake, Nick Calandra, alifukuzwa, na timu ya video ikajiuzulu pamoja naye. Wakaanzisha Second Wind, inayomilikiwa na wafanyakazi, na watazamaji wakawafuata kwa michango yao. Lakini mhakiki wao Yahtzee Croshaw, aliyeanza kutengeneza mfululizo wa video za tahakiki uitwao Zero Punctuation mwaka 2007, hakuweza kuondoka na jina hilo, kwa sababu lilikuwa mali ya kampuni. Sauti ni ile ile, ucheshi ni ule ule, ikabidi aanze upya kwa jina jingine. Kampuni wakati ule ilibaki na jina ambalo bila mtu yule halikuwa na kazi. Sijawahi kuelewa nani alinufaika.

Mwezi huo huo wa Novemba 2023, waandishi waliotoka tovuti za Kotaku na Vice walianzisha Aftermath, nayo ni ya wafanyakazi na inalipiwa na wasomaji. Kabla yao, mwaka 2020, waandishi wa michezo ya viwanjani waliojiuzulu kwa pamoja kwenye tovuti ya Deadspin walikuwa wamefungua Defector kwa mtindo huo. Walioachana na Waypoint ya kwanza ilipofungwa mwaka 2023 (jina hilo lilifufuliwa baadaye) wakajenga Remap. Kwa hiyo msituambie kwamba sisi ni kikundi cha watu wenye hasira walioota ndoto. Njia hii ina watu, ina vitabu vya hesabu, na ina wasomaji wanaolipa.

Kuhusu sababu mlizotupa, na zile tunazotarajia

Mmesema wasomaji wamepungua. Ni kweli, na hata sisi tunayaona maumivu hayo. Injini za kutafutia zimebadilika, na tangu 2024 Google inaweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo, mtu anasoma muhtasari wa kazi yako bila kuingia kwako. Anayeishi kwa matangazo na idadi ya mibofyo ameumia sana. Lakini hoja hiyo inatuunga mkono sisi. Kama njia ya mibofyo imekauka, kwa nini mnang'ang'ania mali ambayo thamani yake yote mlikuwa mnaipima kwa mibofyo? Sisi tunaipima kwa idadi ya watu walio tayari kulipa ili iendelee kuwepo, na idadi hiyo haihitaji kuwa mamilioni.

Mtasema kuhifadhi makala kunagharimu. Kurasa za maandishi na picha ni mzigo mdogo kwa seva. Video ni nzito, tunakubali, na ndiyo maana katika ofa yetu tulisema gharama za kuzihamisha tutazibeba sisi.

Mtasema mikataba inasema kazi ni ya kampuni. Naam, inasema hivyo, na sisi tuliisaini. Hatujadai kwamba mmetuibia. Tunachosema ni kwamba haki ya kumiliki kitu haimlazimishi mtu kukiharibu.

Na mtasema, kama mmoja wenu alivyotuambia kwa simu, kwamba vitovuti vya wafanyakazi havitadumu. Hapa nataka kuwa mkweli kuliko ilivyo kawaida ya barua kama hizi. Maisha haya ni magumu. Mhariri wetu wa video ndiye pia anayejibu wanachama ambao malipo yao yamekwama. Mwandishi wa habari za uchunguzi ndiye anayejaza fomu za kodi. Mishahara ni midogo kuliko mliyokuwa mnatulipa, na akiugua mmoja kazi inalala. Zaidi ya yote, hatuna jeshi la wanasheria. Agosti 2018 Cecilia D'Anastasio wa Kotaku alichapisha uchunguzi kuhusu ubaguzi dhidi ya wanawake ndani ya kampuni ya kutengeneza gemu ya Riot Games, uchunguzi uliojengwa juu ya mazungumzo na wafanyakazi wengi wa sasa na wa zamani. Kesi ikafuata, na Desemba 2021 Riot ikakubali kulipa dola milioni 100. Kazi ya namna ile inataka muda, mhariri asiyeogopa, na mtu wa kusimama nawe mahakamani. Kampuni kubwa ziliweza kutoa hayo, na nitasema wazi kwamba tungependa ziendelee kuyatoa.

Lakini ninyi hamyatoi tena. Tovuti ya gemu ya Polygon ilipouzwa kwa kampuni ya Valnet Mei 2025, wengi wa timu yake walipoteza kazi papo hapo. Machi 2024 mhariri mkuu wa Kotaku alijiuzulu akipinga amri ya wenye kampuni ya kuweka miongozo ya kucheza mbele ya habari. Mnachotuonyesha kama mbadala wetu si chumba cha habari chenye wanasheria. Ni kurasa zisizo na watu. Udogo wetu una faida moja ambayo ninyi hamna: hakuna wa juu yetu anayeweza kuniita ofisini na kuniambia aya mbili zitoke. Mwaka 2015 Kotaku ilieleza kwamba kampuni za gemu za Bethesda na Ubisoft ziliacha kuipa gemu za kuhakiki na kujibu maswali yake baada ya kuandika habari zisizozipendeza. Kotaku haikurudi nyuma. Tovuti ya wafanyakazi nayo inaweza kunyimwa gemu na ikaishi, maana anayelipa mshahara ni msomaji, na msomaji huyo hutulipa ili tusirudi nyuma.

Tunachoomba

Tuanze na yale ambayo mnaweza kuyafanya wiki hii bila kikao cha bodi: viungo vya kamari vitoke, na popote mlipobadilisha maandishi, ama mrudishe yaliyokuwepo ama mtoe jina la mwandishi na kuweka maelezo kwamba makala yamebadilishwa.

La pili, msifute tena makala hata moja kabla ya kumtaarifu aliyeyaandika na kumpa nakala. Yaliyokwisha kufutwa yarejeshwe, hata bila matangazo, hata kwa muundo wa kawaida kabisa usio na picha. Kama hamtaki kuyarejesha wenyewe, ikabidhini hifadhi nzima kwa taasisi inayotunza historia ya gemu, nasi tutasaidia kuipanga bila malipo.

La tatu ndilo tulilolijia. Kaeni nasi mezani mtaje bei. Ofa yetu ya mwanzo bado ipo. Tuko tayari kulipa kwa awamu, tuko tayari mbaki na sehemu ndogo ya mapato kwa miaka ya mwanzo, na tuko tayari kuajiri mkaguzi wa hesabu mtakayemchagua ninyi. Jambo moja tu halimo kwenye mazungumzo: hamtakuwa na sauti juu ya kinachoandikwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 kuanzia leo. Likija, tutalichapisha lote, bila kukata neno, hata kama linatupinga. Nakala za barua zetu zote mlizokaa nazo kimya tunazo, na msomaji yeyote atakayeziomba tutampa.

Kwa heshima na taadhima,

Aliyekuwa mhariri wa tahakiki,
kwa niaba yangu na ya waandishi, wahariri na watengenezaji wa video wenzangu